Mtani Wangu Alipoacha Kunitania

Nilikunywa dawa kwa miezi kumi na miwili na siku tisa. Miezi kumi na miwili ni ya daktari. Siku tisa ni zangu, nilizisababisha mwenyewe, na ni kwa ajili ya hizo ninaandika. Maumivu, kulala chali na kubebwa kama mzigo humpata karibu kila mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, na wauguzi watakueleza vizuri kuliko mimi. Habari ya siku tisa sijasikia mtu mwingine akiisimulia, lakini sidhani kama mimi ni wa kwanza.

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Si kushona, kutengeneza. Kibanda changu kiko Majengo na nyumba yangu iko Bombambili. Sikufundishwa na mtu. Nikiwa kijana nilipewa mashine moja mbovu, nikaifungua na kuifunga mara nyingi, kila kipande nikikichora kilivyokaa kabla ya kukitoa. Jambo la kwanza nililojifunza ni kusikiliza. Mteja akileta mashine simwulizi ina nini. Nazungusha gurudumu, nasikiliza. Mlio ukibadilika, ndani kuna kitu kimelegea, kimekauka au kimekatika. Sijawahi kuona mashine iliyobadilisha mlio bure. Kanuni hiyo imenilisha zaidi ya miaka ishirini, na ndiyo iliyotaka kuniua.

Mke wangu ni Mbena wa Njombe, mimi ni Mngoni wa hapahapa Songea. Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo: Wangoni na Wabena ni watani. Babu zetu walipigana, na walipochoka wakawaachia wajukuu ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana. Mtani atakuambia jambo ambalo ndugu yako wa damu hathubutu. Msibani yeye ndiye huchekesha wafiwa. Huvaa koti la marehemu, huigiza mwendo wake na kikohozi chake mbele ya watu, na hakuna wa kumkemea. Mimi na mke wangu tulioana tukiwa ndani ya utani huo na hatukutoka. Tangu siku ya kwanza ananiita Mngoni, nami namwita Mbena. Majina yetu ya ubatizo hutumika kanisani na kwenye karatasi za serikali.

"Mbena," nilikuwa nikimwambia chakula kikichelewa, "babu zangu waliwateka babu zako wakimenya viazi. Naona bado hamjamaliza kumenya."

"Walituteka, ndiyo," angejibu bila kugeuka. "Sasa inuka uondoke hapo mezani kabla sijapakua. Huwezi? Basi nani kamteka nani?"

Tuliishi hivyo. Neno "nakupenda" sikuwahi kumwambia, naye hakuwahi kuniambia. Halikukatazwa, lilikuwa la watoto tu. Binti yetu Anastazia, anayefanya kazi Dodoma, humaliza kila simu kwa "nawapenda", kama sisi tulivyomaliza barua zetu kwa "wasalaam". Mama yake akishakata simu husema, "Haya, tumependwa. Sasa nani anateka maji?"

Mgongo ulianza kuuma wakati wa baridi. Niliilaumu kazi, maana fundi wa vyerehani hushinda ameinama. Nilibadilisha kiti, nikainua meza kwa matofali mawili, nikapaka dawa za kuchua. Kufikia mwezi wa saba nilikuwa natembea nimepinda na mkono kiunoni. Jumapili moja jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilisali kwetu. Baada ya sala watu walibaki uani wanakunywa chai. Mke wangu alichukua koti langu msumarini, akalivaa, akapinda mgongo, akaanza kuzunguka uani.

"Mtazameni Mngoni wangu," alisema. "Sindano ilimdondoka mwaka jana, mpaka leo anaitafuta."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, na mimi nilicheka kuliko wote. Alikuwa amenipatia kabisa, hata namna ya kuburuza mguu wa kushoto. Mpaka siku ile sikujua kwamba ninauburuza.

Mwezi wa tisa nilifika kibandani asubuhi nikakuta nimevaa kandambili moja. Nyingine ilikuwa imechomoka njiani bila mguu kunipa taarifa. Nilikaa nikabonyeza vidole vya mguu kimoja kimoja kwa bisibisi. Vitatu havikuhisi kitu. Wiki tatu baadaye niliamka, nikaiambia miguu ishuke kitandani, ikakataa.

Tulipelekwa hospitali, Peramiho. Kuhusu benchi la kusubiri ningeweza kuandika kitabu. Ni la mbao, limesuguliwa na makalio ya watu mpaka linang'aa katikati, na wagonjwa wa kudumu hawajuani kwa majina bali kwa maungo. Kulikuwa na Mama Goti, na Mzee Kifua. Huyu Mzee Kifua alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono. Alikuwa amemaliza wiki zake za kujitenga na sasa alikuja kuchukua dawa tu. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mahali pekee penye ukuta wa kuegemea. Aliponiona nashushwa kwenye kiti cha magurudumu, alisogea.

"Wewe mgongo, mimi kifua," alisema. "Mimi naweza kukohoa popote. Ukuta ni wako."

Kila tulipokutana baada ya hapo, alinipa ukuta bila kuombwa. Nasema haya kwa sababu mtu akiugua muda mrefu huanza kuhesabu mambo ya namna hii, na hesabu hiyo husaidia.

Daktari aliinua picha ya mgongo wangu dirishani. Pingili mbili zilikuwa zimelika pembeni kama kipande cha sabuni kilichoachwa majini. Alisema kifua kikuu, alisema kinatibika, alisema mwaka mzima. Mke wangu aliitazama picha ile, akaziba mdomo kwa kiganja, akatoka nje. Baadaye aliitwa ndani peke yake. Alikaa na daktari na muuguzi kwa muda, mimi nikiwa ukutani na Mzee Kifua. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi alikuwa na kadi yangu ya dawa. Yeye ndiye angekuwa msimamizi wangu: kila asubuhi anipe vidonge vitatu, avione vikishuka, aweke alama kwenye kadi.

Sikumuuliza aliambiwa nini. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Tulirudi Bombambili mwezi wa kumi. Vidonge vile hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Msiogope, ni rangi tu ya dawa. Kwa kuwa sikuweza kufika choo cha uani, nilitumia kopo, na mke wangu ndiye aliyelimwaga. Siku ya kwanza alilitazama, akatoka nalo, akarudi amelisuuza, kimya. Nililala nikishangaa. Mtu mzima, fundi, anakojoa soda ya chungwa, na Mbena hana la kusema? Utani ulikuwa pale mkononi mwake, hata kuinama kuuokota hakukuhitajika.

Nikaanza kusikiliza.

Wiki ya pili nilitambua kwamba haniiti Mngoni tena. Alianza kusema "mume wangu". Niligeuza shingo kutazama kama kuna mgeni mlangoni. Wiki ya tatu nilimchokoza mwenyewe. Nilimwambia uji wake una uvivu wa Kibena. Alichukua bakuli akasema, "Samahani, ngoja nikuongezee sukari." Hakuna Mbena duniani aliyewahi kumwomba Mngoni samahani kwa ajili ya uji.

Mwili nao ulikuwa na taarifa zake. Mkanda wa suruali ulihitaji matundu mawili mapya, nikayatoboa mwenyewe kwa msumari. Katikati ya mgongo palitokea kinundu, nikilala nakisikia kama nimelalia bobini ya uzi. Miguu ilikuwa bado haijajibu, na tumbo lilikataa karibu kila kitu isipokuwa uji na ndizi. Muuguzi alikuwa amesema nguvu hurudi polepole na nisihesabu siku. Mimi ni mtu wa kuhesabu.

Mwishoni mwa Novemba alikuja shemeji yangu Festo, kaka wa mke wangu, kutoka Njombe. Huyu ni mtani wa daraja la juu. Siku ya harusi yetu alilishika koti langu kwenye ukosi mbele ya wageni wote akatangaza kwamba nikifa ni lake, na tangu siku hiyo hajawahi kufika kwangu bila kuuliza hali ya koti kabla ya kuuliza hali yangu. Nilikuwa nimemwandalia majibu. Koti lilikuwa limetundikwa usoni pake kabisa, juu ya msumari.

Festo aliingia amevua kofia. Alikaa kwenye ncha ya kiti. "Pole sana, shemeji," alisema. "Mungu ni mwema."

Nilingoja. Hakuangalia koti. Alinywa chai, akanisomea zaburi kutoka kwenye simu yake, akaondoka.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Desemba, mvua za kwanza zilikuwa zimelowanisha ardhi na kila mwenye shamba alikuwa anawahi kupanda. Mke wangu alikuwa akitoka mapema, kwa hiyo alianza kuniachia vidonge kwenye kisosi kando ya kikombe cha uji, akiniamini. Siku hiyo alikiweka kisosi, akarekebisha mto wangu, akasimama. Alikuwa anatazama kikombe, si mimi.

"Mume wangu," alisema. "Nakupenda."

Akachukua jembe akaenda.

Nililala nikisikiliza nyayo zake mpaka zikaisha. Kisha nikapanga ushahidi kama ninavyopanga vipande mezani. Aliitwa na daktari peke yake na akatoka amelia. Ameacha kunitania. Ameniomba samahani kwa ajili ya uji. Festo hakuulizia koti. Na sasa hili neno, la kwanza katika miaka ishirini na mitatu. Mashine haibadilishi mlio bure. Niliona jibu ni moja tu: wameambiwa sitapona, wamekubaliana wasiniambie, na anachofanya mke wangu ni kuniaga.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Niliona kama kazi imefika mwisho na kilichobaki ni kufunga vizuri. Niliomba daftari, nikaandika orodha ya vyerehani vya watu vilivyobaki kibandani, kila kimoja ni cha nani, kina ubaya gani na kipande kipi kimefunguliwa, ili fundi mwingine asihangaike. Na vidonge sikuviona tena kuwa na maana. Vilinitia kichefuchefu kila siku, na kama hatima ni ileile, niliona afadhali nimalize wiki zangu nikiwa na tumbo tulivu. Asubuhi ile nilivitumbukiza kwenye kopo la bati la bobini kuukuu lililokuwa chini ya kitanda. Kesho yake tena. Aliporudi shamba aliuliza, "Umemeza?" nikasema ndiyo, akaweka alama kwenye kadi. Mazoezi ya miguu niliyofundishwa nayo niliyaacha.

Kuna jambo la aibu zaidi. Zile siku nilijisikia vizuri. Kichefuchefu kilipungua, nilikula ugali. Mke wangu alifurahi, na furaha yake niliihesabu kuwa ujasiri wa mtu anayeficha msiba.

Siku ya kumi mvua ilinyesha tangu alfajiri, hakwenda shamba. Alichukua kopo la mkojo, ambalo siku za shamba alilimwaga gizani kabla ya kutoka, akaenda kulimwaga. Alifika mlangoni, mwanga ukaingia ndani ya kopo, akasimama. Aligeuka polepole.

"Mngoni," alisema.

Lilikuwa jina ambalo sikuwa nimelisikia kwa miezi miwili.

"Huu mkojo ni wa nani?"

"Wangu. Kuna nani mwingine humu?"

"Wako ni wa chungwa. Huu ni mweupe." Aliliweka kopo chini kwa uangalifu. "Dawa ziko wapi?"

Nilimwonyesha chini ya kitanda. Alilimwaga lile bati juu ya blanketi, akatenga bobini huku na vidonge kule, akavihesabu. Ishirini na saba. Alichukua kadi yangu ukutani, akapitisha kidole juu ya alama za mwisho.

"Nimeweka alama tisa za uongo," alisema. "Mimi. Kwa kalamu yangu. Kwa nini?"

"Kwa sababu najua."

"Unajua nini?"

"Alichokuambia daktari, siku ile ulipoitwa ndani."

"Daktari aliniambia vidonge vitatu, kabla ya kula, kila siku, hata ukinuna. Akaniambia nisikuonee huruma kwenye mazoezi. Muuguzi akanionyesha kadi inavyojazwa. Basi."

"Na kingine."

"Kingine kipi?"

"Kama hakuna kingine," nilisema, "kwa nini ulisema vile? Siku ile unakwenda kupanda."

Nje mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi aketi karibu ili tusikilizane.

"Yaani nimekuambia nakupenda," alisema, "ukaacha dawa."

"Ndiyo."

"Ukaamua ufe."

"Nilidhani imeshaamuliwa."

Alicheka. Hakikuwa kicheko ninachokijua. Kilianza kama kicheko, kikaishia kwingine, akajifuta kwa upande wa khanga. Kisha akanieleza, na niandike maneno yake kadiri ninavyoyakumbuka, kwa sababu sikuwa nimeyawaza hata kidogo.

"Ile Jumapili ya jumuiya," alisema. "Nilivaa koti lako. Nikaigiza mwendo wako. Watu wakacheka. Halafu daktari anainua ile picha, naona mifupa imeliwa palepale nilipokuwa napinda mimi. Kuvaa koti la mtu na kumwigiza ni kazi ya mtani msibani, Mngoni. Nilikufanyia ukiwa hai. Nilitoka mle ndani nikasema mdomo huu umeshakiita kifo. Nikaufunga. Festo nikampigia simu, nikamwambia akija akitamka neno koti, atalala stendi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia kwa maneno gani? Sisi tuna maneno mengine? Utani nimeufunga, nimebaki kama bubu ndani ya nyumba yangu. Nikakaa nikafikiri siku nyingi. Nikasema, ngoja nichukue hilo la Anastazia, labda na kwa wazee linafanya kazi." Alivikusanya vidonge kiganjani. "Sasa nifanyeje? Nikikutania naogopa nitakuzika. Nikikuambia nakupenda unajizika mwenyewe."

Nilikuwa nimeusikia mlio kwa usahihi kabisa, kila badiliko, kwa tarehe yake. Kilichonipita ni kwamba mashine haiwezi kuulizwa, lakini mke wangu alikuwa hapo kila siku, hatua mbili kutoka kitandani, na angejibu.

"Tania," nilimwambia mwishowe.

"Siwezi kuanza hivihivi."

"Anza na hivyo vidonge."

Alivitazama. Nilimwona anapambana, midomo ikikaza na kulegea.

"Wangoni," alisema taratibu, "mliteka ng'ombe, mkateka watu, mkateka nchi nzima. Wewe umeteka vidonge ishirini na saba, na umeshindwa kuvificha mwanamke wa Kibena."

Nilicheka mpaka kinundu kikauma. Alinipa vidonge vitatu vya siku hiyo, akavitazama vikishuka, akaniambia nifungue kinywa, akakagua chini ya ulimi kama anakagua mbuzi wa kununua.

"Na usikose kunielewa," alisema akiinuka kuchukua lile kopo. "Lile neno sikulirudisha. Liko palepale. Ulizoee."

Siku ileile mvua ilipokatika tulikwenda hospitali, na yeye ndiye aliyeeleza yote, pamoja na alama zake tisa. Muuguzi hakutugombeza kama tulivyotarajia. Alinichukua vipimo, akasema nimebahatika, akaongeza siku tisa mwishoni mwa kadi kwa wino mwekundu. Aliniambia nguvu niliyoisikia nilipoacha dawa ilikuwa ya kuazima, na ugonjwa ungekuja kuidai. Msomaji mwenye vidonge kama vyangu, tafadhali isome tena sentensi hiyo.

Mzee Kifua alikuwepo benchini. Mke wangu, ambaye sasa mdomo ulikuwa umefunguka, alimsimulia kisa chote mbele yangu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mke wangu mimi huniambia neno hilo kila siku nikitoka nyumbani," alisema. "Miaka arobaini. Na sijafa, alhamdulillah." Akairekebisha kofia yake. "Ila asipolisema siku moja, nitarudi ndani kuuliza nimefanya nini."

Kuanzia hapo nahesabu kwa mahindi. Yalipofika magotini, mwezi wa kwanza, kidole gumba cha mguu wa kulia kilitikisika, na mke wangu alinifanya nikitikise mara kumi ili aamini. Yalipochanua nilisimama nikishika fremu ya kutembelea, nikihesabu mpaka ishirini. Tulipokula mahindi mabichi nilifika uani peke yangu. Alikuwa amekaa na sufuria anamenya, nitaje nini kama si viazi. Aliniacha nipite mbele yake hatua sita kabla ya kusema, "Sindano umeiona?" Wakati wa kuvuna nilirudi kibandani kwa nusu siku, kwa bajaji, na kiti chenye mgongo mrefu. Mwezi wa saba, baridi ikiwa imerudi, Festo alifika, akalitazama koti, akalitazama tumbo langu lililoanza kujaa, akasema kwa uchungu kwamba mwaka mzima umepotea bure.

Kinundu kimebaki. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado havina taarifa kamili. Kwa kazi yangu navihitaji kidogo sana.

Kuhusu lile neno, lilibaki nyumbani kama mgeni ambaye hajaambiwa akae wapi. Alilisema tena mwezi wa pili, akinifunga mkanda mgumu wa mgongo. Nikamwuliza moja kwa moja kama kuna habari mbaya, akasema hakuna, nikatulia. Alilisema wakati wa Pasaka. Lilianza kuzoeleka. Mimi nilikuwa bado. Nilijaribu mara kadhaa nikiwa peke yangu kibandani, na hata pale nilijisikia kama nimevaa nguo ya mtu mwingine. Ninachoweza kumshauri mwenzangu ni hiki kidogo. Kama kuna neno ambalo nyumbani kwenu halisemwi, msilisubirishe mpaka mmoja alale kitandani, kwa maana huko litasikika kama kengele ya kanisa siku isiyo ya ibada. Lisemeni mkiwa wazima, mkitafuta ndoo, mkigombania chumvi. Na wewe uliyelala, ukisikia nyumba imebadilika sauti, uliza. Uliza siku hiyohiyo.

Siku ya mwisho ya kadi, ile ya tisa ya wino mwekundu, niliingia kwa daktari kwa miguu yangu na fimbo. Mke wangu alibaki benchini, mwisho kabisa, ukutani. Daktari alitazama picha mpya, akanipigapiga magoti, akanifanya nitembee kwa visigino, akaandika neno moja kwenye kadi na kuniambia sina haja ya kurudi isipokuwa kwa ukaguzi.

Nilitoka. Mke wangu alisimama. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, na niliona nikisubiri tufike nyumbani nitashindwa.

"Mbena," nilisema. "Nakupenda."

Alishika benchi kwa mkono mmoja.

"Wamesema nini?"

"Wamesema nimepona."

Aliketi chini taratibu, akafumba macho. Alipoyafumbua aliinyosha khanga yake magotini.

"Siku nyingine, Mngoni," alisema, "anza na hilo."